Mkia Mgumu

Barua ilisomwa jikoni, na kabla haijafika mwisho Fundi alikuwa ameshatoa hukumu.

"Hilo niachie mimi."

"Hujasikia hata nusu," mkewe alisema. Alikuwa bado amevaa buti za kazi, kofia kaibana kwapani. Mwaka wa kumi na tisa sasa alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi ulioko juu ya mji, na kila njia ya kule aliijua kwa nyayo zake.

"Nimesikia baiskeli. Inatosha. Chombo chenye magurudumu kina kanuni zake."

Mkewe akaendelea kusoma kana kwamba aliyesema ni redio. Mwisho wa mwezi pikipiki za doria zingeondolewa, kwa kuwa kelele zake zilikuwa zikiwaamsha wakata magogo kabla mlinzi hajavaa kofia. Kila mlinzi angepewa pesa za kununua baiskeli ya milimani, achague mwenyewe, alete risiti. Baada ya wiki tatu wote wangepimwa: kilomita kumi na saba za njia ya doria, mawe, mizizi na miteremko. Atakayeshindwa atahamishiwa getini kukata tiketi, bila posho ya msituni.

Hapo pa posho alipasoma mara mbili. Mshahara wake ulikuwa wa kula. Kodi ya nyumba ililipwa na posho. Kazi ya Fundi ya kutengeneza redio na vikuza sauti ilikuwa inaingiza kitu siku inapojisikia.

"Wenzangu wawili wameshasema wanaomba geti wenyewe," alisema. "Mimi getini siendi. Nikikaa kwenye kiti siku nzima nitaota mizizi."

"Hutakwenda. Kesho kutwa tunaingia dukani, mimi ninachagua, wewe unapanda. Kwisha habari."

Mama yake Fundi, aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni, aliangua kicheko mpaka kisu kikamponyoka.

"Unacheka nini, mama?" mkwewe aliuliza.

"Aa, mwanangu, vitunguu hivi," bibi alisema huku akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Vingine vinaliza, vingine vinachekesha."

Fundi akamkazia macho mama yake. Bibi akayapokea macho hayo kwa upole mkubwa, akamenya kingine.

Ukweli ni kwamba mtaani Fundi aliitwa Fundi usoni na Mjuaji kisogoni. Mtu akija na redio iliyokufa aliondoka na redio iliyofufuka pamoja na ushauri wa sikio linalouma, wa kuchanganya saruji, na wa namna ya kumjibu mwenye nyumba. Neno "sijui" hakuna aliyewahi kulisikia likimtoka. Na kwa kuwa hakuna aliyelisikia, hakuna aliyewahi kujua kwamba mtu huyu mwenye miaka hamsini na miwili, mwenye kanuni za kila chenye magurudumu, hakujua kupanda baiskeli. Alipokuwa na miaka tisa alianguka mbele ya shule nzima, akaapa. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili duniani: yeye, na aliyemzaa.

Duka la baiskeli lilikuwa refu na jembamba kama korido, baiskeli zimening'inia darini kwa kulabu, harufu ya mpira mpya na grisi. Muuzaji, mwanamume mwenye fulana iliyobana tumbo, aliwapokea mlangoni. Alimpa mkono Fundi. Mkewe akanyoosha wake, ukabaki hewani kidogo, akaurudisha akajikuna nao sikio.

"Karibu mzee wangu. Tunatafuta nini leo?"

"Baiskeli ya milimani," mke alisema. "Ya kupanda njia za msituni. Kila siku, kilomita kumi na tano, ishirini. Kuna mawe."

"Ya milimani, mzee," muuzaji alimwambia Fundi, kana kwamba anatafsiri. "Basi umefika."

Akazishusha tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi kama unyoya, bei yake mara mbili ya pesa za ofisi. Hiyo ilishushwa ili nyingine zionekane rahisi. Ya pili ilikuwa ya kijivu, rangi ya sufuria iliyosuguliwa, ina shokapu mbele tu. Nyuma hakuna kitu, vyuma vimenyooka moja kwa moja hadi kwenye gurudumu.

"Hizi tunaziita mkia mgumu," muuzaji alisema bila hamu. "Watu wa kawaida tu wanazichukua."

Ya tatu ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya kawaida. Nyekundu ya mdomo uliopakwa rangi. Ilikuwa na shokapu mbele, na nyingine nene chini ya kiti, springi yake ya manjano iko wazi watu waione. Bei ilikuwa sawasawa na ile ya kijivu.

Fundi akaibonyeza kiti. Ikashuka, ikapanda, ikatoa mlio kama godoro la nyumba ya wageni.

"Naam," alisema. "Naam! Hapa pana akili. Mbele inapokea, nyuma inapokea. Mgongo wa mtu unabaki salama."

"Mzee anajua kazi," muuzaji alisema.

"Kwa nini bei ni moja?" mke aliuliza. "Hii ina shokapu mbili, ile ina moja. Hiyo ya pili imetolewa bure? Au wamepunguza mahali pengine?"

Lilikuwa swali zuri kiasi kwamba muuzaji alilazimika kukohoa. "Ni ofa, dada," alisema. Kisha, haraka, "Mzee, hebu panda uisikie. Zungusha hapo nyuma ya duka, kuna kifusi, utaona inavyoruka."

Wateja wawili waliokuwa wakinunua tyubu waligeuka kutazama. Fundi alihisi masikio yakipata moto.

"Goti," alisema. "Leo goti limeamka vibaya."

"Goti gani?" mkewe aliuliza.

"Hili."

"Asubuhi umepanda juu ya bati kufunga antena."

"Ndiko lilikoamkia."

Mkewe alizichukua ile ya kijivu na ile nyekundu, moja baada ya nyingine, akazipeleka nyuma ya duka. Alipanda kama mtu anayekumbuka wimbo wa zamani, kwanza kwa kusitasita kisha bila shida. Kwenye ile nyekundu kila alipokanyaga pedali baiskeli ilibonyea, nguvu zake nusu zikiishia kwenye springi. Kwenye ile ya kijivu alikanyaga, ikaenda. Alirudi anahema, shavu lina vumbi.

"Nachukua ya kijivu."

"Mke wangu," Fundi alisema kwa sauti ya mwalimu mwenye huruma, sauti ambayo wale wateja wawili pia wangeisikia, "hayo ni mambo ya dakika tano. Mlimani ni jambo jingine. Chuma kikavu kile kitakupigapiga mpaka meno yakuhame. Hii ndiyo. Nimesema."

Muuzaji akaitikia kwa kichwa. Mmoja wa wateja naye akaitikia, ingawa hakuwa ameulizwa. Mke akawatazama wanaume watatu waliokuwa wamekubaliana kuhusu makalio yake.

"Haya," alisema polepole. "Wataalamu mmesema. Tuchukue nyekundu. Ila Jumamosi ijayo siko zamu. Nitaazima baiskeli ya mwenzangu, wewe utapanda hii, twende wote njia ya juu. Unionyeshe hizo shokapu za nyuma zinavyofanya kazi."

"Bila shaka," Fundi alisema. Mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kujibu kabla yake.

"Utapanda na nini?" mama yake alimuuliza jioni ile, mkwe alipokwenda kuoga. "Makalio ya kuazima?"

"Mama, polepole."

"Mimi naongea polepole. Hilo goti lako ndilo lenye kelele. Nimesikia habari zake."

Fundi alikaa kwenye kibao chake cha kazi, kati ya redio mbili zilizofunuliwa matumbo. Alikuwa na siku sita. Alifikiria homa. Alifikiria msiba wa mbali. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Nifundishe," alisema.

"Mimi? Mimi mwenyewe sijawahi kupanda."

"Basi nishikie tu. Mtu mwingine nitamwambia nini?"

Bibi akasema atataka sukari ya kwake peke yake, isiyoguswa na mtu, pamoja na sabuni ile ya kunukia. Wakakubaliana.

Pikipiki za doria zilikuwa bado hazijaondolewa, hivyo mlinzi wa msitu aliondoka alfajiri na kurudi saa kumi jioni, na baiskeli nyekundu ikabaki nyumbani ikimeremeta. Saa nne asubuhi Fundi alitundika kibao cha "nimetoka" mlangoni, akaikokota hadi kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, mama yake akifuata kwa fimbo na ndoo. Ndoo aliipindua akaikalia.

Siku ya kwanza alianguka mara kumi na moja. Bibi alihesabu kwa sauti.

"Tazama mbele! Unatazama gurudumu la nini, litatoroka?"

"Nikitazama mbele nayumba!"

"Na ukitazama chini unaanguka. Chagua kimoja."

Siku ya pili alianguka mara nne, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa kumkwepa mbuzi aliyekuwa mbali sana. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba mikwaruzo ya mkononi ni ya waya za spika. Mkewe akaipaka dawa, akamwambia spika za siku hizi zina kucha.

Siku ya tatu jambo likatokea. Fundi alikanyaga, akasubiri kuanguka, hakuanguka. Akakanyaga tena. Upepo ukamwingia shati, ukuta wa kiwanda ukaanza kutembea ubavuni mwake, na bibi kwenye ndoo akawa mdogo, kisha mkubwa, kisha mdogo tena. Alizunguka uwanja mara tatu. Alikuwa anacheka peke yake kwa sauti ya juu, sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Mama! Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu! Basi, shuka, inatosha leo!"

Lakini mtu aliyekaa miaka arobaini na mitatu bila kitu hawezi kukiachia kwa kuambiwa. Upande wa mwisho wa uwanja palikuwa na tuta la vipande vya matofali, limemomonyoka likawa mteremko. Fundi aliikokota baiskeli hadi juu. Kwa nini shokapu mbili, kama si kwa ajili ya mahali kama hapa? Akajiachia.

Nusu ya kwanza ya mteremko ilikuwa nzuri sana. Kwenye nusu ya pili gurudumu la mbele lilipiga kipande cha tofali, springi ya manjano ikabonyea hadi mwisho, na badala ya kurudi ikasikika "ka!" Skrubu iliyoshikilia shokapu ya nyuma ilikatika. Baiskeli ikajikunja katikati kama mtu aliyepigwa tumboni, na Fundi akaendelea na safari peke yake.

Bibi alifika pale akichechemea, amesahau fimbo. Alimpapasa kichwa, mabega, mbavu.

"Umevunjika?"

"Sijavunjika."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mama, nilikuwa napanda kweli. Uliniona?"

Ndipo bibi alipokaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaitazama ile baiskeli, na kicheko kikamwisha polepole.

"Na hii," alisema, "tutamwambia mkwe wangu nini?"

Mlinzi wa msitu aliporudi aliikuta sebuleni imefunikwa shuka kama maiti. Akafunua upande mmoja. Akafunika tena.

"Imefanya nini?"

"Imeanguka," Fundi alisema.

"Yenyewe?"

"Unajua vitu vya ofa."

"Ilianguka, ndiyo," bibi alisema kutoka kwenye kona yake. "Naye alikuwa juu yake. Mwanangu, mwambie. Mimi sukari yako sitakula tena, imenikaa kooni."

Fundi akasema. Alianza na skrubu, akajaribu kukaa hapo kwenye skrubu, mkewe akangoja. Akarudi nyuma hadi kwenye tuta, uwanja, goti, na mwisho kabisa uwanja wa shule na watoto wote wakicheka. Alipomaliza alitabasamu kidogo, akitegemea mkewe atacheka. Ilikuwa ni habari ya kuchekesha, hata yeye aliona.

Mkewe hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kiti akaanza kufungua kamba za buti.

"Nilipokuwa kwenye mafunzo," alisema, "kaka yangu alinipa baiskeli yake. Unakumbuka?"

Fundi alikumbuka.

"Ulisema barabara ile haifai. Ulisema mwanamke aliye kwenye baiskeli barabara ile atavunjika shingo. Ulinieleza kwa kirefu, mpaka ukanichorea na picha. Nikairudisha. Nikatembea miezi kumi na sita, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, nina mimba ya binti yetu huyu aliyeolewa juzi." Akavua buti la kwanza. "Kumbe barabara haikuwa na shida."

"Niliona haya. Watu wangesema, mke anapanda, mume je?"

"Watu." Akavua la pili, akayapanga yote mawili sawasawa ukutani. "Miguu ilikuwa yangu, wao wangesema nini?"

Akainuka akaenda kuoga. Nyumba ikabaki na mlio wa maji tu.

Kwa siku mbili hakumsemesha. Akiwa na neno la mume alilipitisha kwa mama mkwe. "Mama, mwambie mwanao chumvi iko mbele yake." Na bibi, aliyeketi katikati yao, alilirudia neno lile lile kwa uaminifu, akiongeza la kwake: "Anasema chumvi iko mbele yako, kipofu wewe."

Siku ya tatu asubuhi Fundi aliipandisha baiskeli nyekundu begani. Ilikuwa haikokoteki. Mtaa mzima ulikuwa umeamka.

"Fundi, vipi tena, mnabebana?"

"Fundi, si ulituambia hiyo ni ya kudumu?"

Kwa kawaida angekuwa na jibu. Alipita akisema "habari za asubuhi" kwa kila mtu, na kwa namna fulani hilo liliwaumiza zaidi. Mwenye genge la mkaa alimfuata hatua chache kumuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Dukani muuzaji aliitazama baiskeli, akamtazama mbebaji.

"Umeipitisha wapi, mzee wangu?"

Maneno yalikuwa tayari ulimini: kasoro ya kiwanda, chuma hafifu, nitakupeleka kwa wakubwa. Na sehemu yake ilikuwa kweli. Lakini Fundi alikuwa amebeba chuma kile kilomita mbili, na bega lilikuwa limechoka kubeba na uongo juu yake.

"Mimi sijui kupanda baiskeli," alisema. "Nilikuwa najifunza. Nimeivunja. Aliyejua kupanda alitaka ile ya kijivu, mimi na wewe tukamnyamazisha."

Muuzaji alianza kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Akavuta kigoda akamsogezea mgeni, yeye akakaa juu ya tairi.

"Sasa umenisema na mimi," alisema. "Zile nyekundu zilinilalia mwaka mzima humu ndani. Kwa bei ile shokapu ya nyuma ni pambo, mzee. Ni kilo tatu za pambo. Mtu wa pesa za kati anataka chuma kizuri, breki nzuri, shokapu ya mbele ya maana. Najua. Nilijua. Nikaona mzee anaipenda, nikasema Mungu si Athumani."

Walikaa hapo, wakosaji wawili kati ya magurudumu.

Muuzaji alikubali kuichukua nyekundu kwa ajili ya vipuri. Pesa iliyobaki ili kupata nyingine ilikuwa zaidi ya nusu ya bei, na Fundi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho kilisimama mlangoni pa kibanda chake: spika ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, aliyoiunda kwa mikono yake, mbao kwa mbao, na ambayo watu waliikodi kwa shughuli zao. Muuzaji alikuwa akiitamani siku nyingi. Duka lilihitaji sauti nje. Jioni ile mkokoteni ulikuja kuichukua. Fundi aliifuta vumbi mwenyewe, akaonyesha waya upi unaingia wapi, kisha akaingia ndani kabla mkokoteni haujakata kona.

Wakati wa kula alizungumza bila kupitia kwa mama yake.

"Kesho nenda dukani. Pesa imeshakamilika. Chagua."

Mkewe akaweka kijiko. "Umeshanichagulia ipi?"

"Hakuna."

"Wewe unaona ipi?"

"Sijui," Fundi alisema.

Bibi akaomba arudie, maana masikio yake siku hizi hayakuwa mazuri. Akarudia. Bibi akaomba tena, na mara hii hata mkwe aliinamisha uso kwenye sahani ili asionekane mdomo.

Kesho yake Fundi alimsindikiza, lakini hakuingia. Alikaa nje kwenye ngazi, kando ya spika yake ambayo sasa ilikuwa ikitangaza punguzo la kofia ngumu kwa sauti aliyoijua mwenyewe. Kati ya tangazo na tangazo alimsikia mkewe ndani.

"Simama hapo pembeni, nitakuuliza. Hii nikisimama katikati yake chuma kinanigusa. Iondoe. Hiyo ya kijivu nayo ni ndefu, juzi nilikuwa nimejinyoosha kama nguo kwenye kamba, ila nilikuwa na hasira sikuona."

"Dada, unaonaje hii ya bluu? Ni namba ndogo zaidi. Imekwaruzika rangi."

"Rangi nitaikwaruza mwenyewe. Shokapu hii naweza kuifunga nikipanda kilima? Wapi? Hapa? Tairi pana zaidi unazo? Breki ni diski, vizuri, lakini ni za waya au za mafuta? Nieleze tofauti. Hapana, usiniambie ni nzuri. Nieleze tofauti."

Ilichukua saa moja na nusu. Mkia mgumu wa bluu ulizungushwa kwenye kifusi mara saba, ukapandishwa kiti, ukashushwa, ukabadilishwa pedali. Muuzaji alitoka nje mara moja kufuta jasho.

"Mzee," alinong'ona, "huyu ulikuwa unamfundisha nini?"

Risiti iliandikwa jina la mnunuzi. Mlangoni muuzaji akanyoosha mkono kwanza kwake.

"Dada, unaijua kazi hii."

"Naijua njia," mlinzi wa msitu alisema. "Baiskeli tutajuana."

Siku ya kupimwa walinzi tisa waliondoka getini saa mbili asubuhi. Familia zilisimama kwenye kivuli cha ofisi. Kati ya baiskeli zile, nne zilikuwa nyekundu na zina springi za manjano. Inaelekea waume na kaka wengi walikuwa wamechagua siku ile ile. Fundi aliziona akatazama viatu vyake.

Wa kwanza kutokea alikuwa kijana aliyewahi kukimbia mashindano. Wa pili alikuwa mama wa makamo, tope hadi kwenye nyusi, shati limepasuka kiwiko, anateremka juu ya mawe ya mwisho amesimama kwenye pedali, magoti yamelegea, kama aliyezaliwa humo. Fundi alipiga kelele bila kujua anapiga nini. Bibi alipiga ndoo. Alikuwa amekuja nayo.

Baada ya hapo walingoja sana. Nyekundu zilirudi mbili, moja ikikokotwa. Wenye nyingine waliletwa na gari la ofisi, wamezikumbatia.

Mkuu wa hifadhi aliizunguka ile ya bluu, kalamu sikioni. "Njia ya juu ni yako, na posho yako," alimwambia mwenye tope. "Hii nimeipenda. Nani alikuchagulia?"

Fundi, kwa mazoea ya miaka, alinyoosha mgongo. Kisha akakumbuka, akaulegeza. Mkewe aliona yote mawili. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Nimechagua mwenyewe," alisema. "Mume wangu alijaribu ile nyekundu kwanza, kwa niaba yetu sote. Kama mngemuuliza mngeokoa nne."

Watu wakacheka, hata wale waliokumbatia vyuma vyao. Wakamgeukia Fundi kumuuliza ilikuwaje. Na Fundi, baada ya kukohoa mara mbili, akawasimulia, tuta la matofali na mbuzi na yote, na ndoo ikashikwa juu kama ushahidi. Alipofika pale springi iliposema "ka!" mkuu wa hifadhi ilibidi ashike nguzo.

Walirudi nyumbani watatu, mlinzi wa msitu akiikokota baiskeli ili asiwaache. Walipofika kwenye barabara tambarare alisimama.

"Mimi nimetembea vya kutosha," alisema. "Tutaonana nyumbani."

Akapanda, akaenda. Fundi na mama yake walitembea dakika arobaini, wakipumzika mara mbili kwa ajili ya ndoo. Walimkuta ameshaoga, ameshakula, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, na ile ya bluu imeegemea ukuta wa sebule na tope lake lote.

"Chenu kiko jikoni, kimepoa," alisema. "Ningewangoja, lakini mnatembea polepole."